Picha Moja Yenye Kichwa

Katika picha thelathini na saba za kwanza alizopiga Bibi Sweta kwa kamera yake mpya, hakukuwa na binadamu hata mmoja mwenye kichwa. Kulikuwa na mabega, matumbo, mikono iliyokunjwa kwa adabu na miguu iliyopangwa sawasawa kama ya wanafunzi siku ya picha ya darasa. Vichwa vilibaki huko juu, nje ya picha, vikitabasamu bure. Picha mbili zilikuwa nyeusi tii. Sita zilikuwa na kidole chake mwenyewe pembeni, kinene, chekundu kwa mwanga wa taa ya kamera.

Inspekta alizipanga mezani moja baada ya nyingine. Wenzake kituoni walimwita Kijiko, kwa sababu hakuweza kuona jambo limetulia bila kulikoroga mpaka kilichozama kielee. Ijumaa hiyo asubuhi Mkuu wa Kituo alikuwa amemwonya mapema.

"Usikoroge, Kijiko. Saa nane mchana yule mpiga picha anapandishwa kizimbani kwa mauaji. Jalada limekamilika. Nenda kanywe chai."

Chai yenyewe ilikuwa imeshapoa pembeni ya picha.

Jalada lilisema hivi. Bibi Sweta, mjane wa miaka sitini na sita, mfumaji wa masweta ya shule kwa mashine, alikutwa amekufa Jumanne jioni chini ya ngazi za saruji nyuma ya nyumba yake, shingo imevunjika. Kesho, Jumamosi, alikuwa apande ndege kwa mara ya kwanza maishani, aende ughaibuni kumwona binti yake wa pekee na mjukuu wake mchanga. Binti ndiye aliyemtumia kamera: "Mama, jifunze kuitumia, njiani upige kila kitu." Na bibi alijifunza kwa bidii ya mtu anayesomea mtihani. Wiki nzima mtaa haukupumua. Ukitoka kuchota maji, umepigwa. Ukianika nguo, umepigwa. Na bado hukuwa na kichwa.

Daktari alisema hakuanguka peke yake. Shingoni kulikuwa na mchubuko mwembamba wa mkanda, na mkanda wa kamera ulikutwa umechanika upande mmoja. Mtu aliuvuta. Kifo kilitokea kati ya saa tisa alasiri na saa kumi na mbili jioni. Na mtu pekee aliyeonekana akitoka mle ndani muda huo alikuwa mwalimu wake wa kamera, mwenye studio ya picha, mzee ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Flashi.

Inspekta alichukua picha ya birika, akaenda kumwona mahabusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Flashi alikaa wima kwenye benchi, shati lake la studio bado lina kalamu mfukoni. "Sikujua mtu wa humu ndani bado anaamkiwa."

"Tuanze upya. Jumanne ulifika kwake saa ngapi?"

"Saa tisa. Lilikuwa somo la mwisho."

"Ukaondoka?"

"Saa kumi kasoro kidogo."

"Kamera ilikuwa inaonyesha tarehe gani?"

Flashi alifumba macho. "Mama, hili swali nimelijibu mpaka ulimi umeota sugu. Ilikuwa na tarehe ya kiwandani. Mwezi wa kwanza, tarehe moja, mwaka wa zamani huko. Nikamwambia, Bibi, huwezi kusafiri na kamera isiyojua leo ni lini. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Nikasema hiyo ni kazi ya nyumbani, aifanye mwenyewe nikishaondoka, nione kama ameelewa."

Inspekta alimsogezea picha. "Birika. Jumanne, tarehe sahihi kabisa. Pembeni pameandikwa 10:07. Saa nne na dakika saba asubuhi. Ina maana tarehe ilisharekebishwa asubuhi, wewe hujakanyaga hata mlango. Na ziko picha sita za namna hiyo, zote kuanzia saa nne mpaka karibu saa tano."

"Basi mimi kichaa."

"Au mwongo."

"Sawa, mwongo." Flashi aliinama mbele. "Wewe umeishi na waongo kazini miaka mingi. Mtu hudanganya apate kitu. Mimi nikidanganya kuhusu tarehe ya kamera napata nini? Pipi?"

Swali hilohilo lilikuwa likimwasha Inspekta tangu juzi kama upupu.

"Daftari lake linasemaje?" akauliza mzee.

"Daftari gani?"

Flashi alimtazama kama mtu aliyeambiwa bahari imekauka. "Bibi alikuwa na daftari la shule. Kila nililosema aliandika. Hata nikikohoa aliandika. Kila picha aliipa namba na jina. Hamkuliona?"

"Hakuna daftari kwenye orodha ya vielelezo."

"Na kamera yenyewe? Mmeiwasha?"

"Picha zote zimetolewa kwenye kompyuta, zimechapishwa."

"Sijauliza picha, mama. Nimeuliza kamera."

Siku tatu. Watu wanne wenye vyeo mabegani. Kamera imekaa kabatini ndani ya mfuko wa plastiki, na hakuna hata mmoja aliyeiwasha.

*

Alisaini kitabu cha vielelezo, akatoka na kamera. Ndani ya gari alijaribu kuiwasha juu ya plastiki. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, na taa yake ikalipuka usoni mwa Koplo aliyekuwa ameshika usukani.

"Loo! Afande, tutakufa!"

"Samahani. Natafuta saa."

"Saa si unayo mkononi?"

Koplo alikuwa mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mwenye imani kubwa juu ya mambo mawili tu, chai na kuwahi nyumbani. Alifikicha macho mpaka walipofika.

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa pomoni. Wanawake walikaa mikekani sebuleni, ukumbini, mpaka jikoni. Wengine walimenya viazi, wengine walimenya watu. Na katikati ya yote, akitoa amri kwa sauti ya chini isiyorudiwa mara mbili, alikuwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa chama cha akina mama, rafiki wa marehemu wa toka nitoke, wakiitana somo. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, gauni limepigwa pasi hata msibani, na mkononi, kwenye utepe mwekundu uliozungushwa kifundoni, shada la funguo za ukumbi wa chama. Funguo hizo zilikuwa kengele yake. Ukizisikia, unakaa vizuri. Yeye ndiye aliyeukuta mwili Jumanne saa kumi na mbili jioni, akapiga ukelele uliotoa watu majumbani. Yeye ndiye aliyewapikia askari chai usiku ule.

"Karibu, mwanangu. Utakunywa nini?"

"Ahsante, mama, nitapita tu. Natafuta kitu chumba cha kufumia."

"Pita. Binti ametua, teksi iko njiani." Alinyoosha ukingo wa mkeka kwa mguu. "Naomba asikute askari wengi. Atashtuka."

"Hatutakaa, mama."

Chumba cha kufumia kilikuwa ghorofani, kidogo, kisafi. Mashine ya kufumia, redio ndogo juu ya rafu, kiti kimoja cha mbao chenye mto, na ukutani juu ya kiti hicho picha kubwa ya binti ndani ya fremu, siku ya kuhitimu chuo, anacheka mpaka mwanya wa meno ya mbele unaonekana. Mlango wa nyuma ulitokea moja kwa moja kwenye ngazi za saruji.

Inspekta alitoa picha ya arobaini na moja, iliyoandikwa 10:40. Ndiyo picha pekee ambayo Bibi Sweta hakukata kichwa. Mwenyekiti ameketi kwenye kiti kilekile, anatabasamu, jua limemmwagikia mapajani, na juu ya kichwa chake, nzima ndani ya picha, fremu ya binti. Mwenyekiti alikuwa ameshaeleza: Jumanne asubuhi alileta maziwa, somo yake akampiga picha, akaenda zake.

Inspekta alikitazama kiti. Akaitazama picha. Akakitazama kiti tena.

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye sinia, jirani ambaye mtaa mzima ulimwita Gazeti, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

"Dada," Inspekta alimwambia, "hiki kiti hakina jua."

"Saa hizi? Litoke wapi?" Gazeti aliweka sinia chini, maana habari hazisemwi na mikono imeshika vitu. "Chumba hiki jua lake ni la jioni. Tena la kuudhi! Marehemu alikuwa akilalamika kila siku, uzi unampauka. Asubuhi humu ni kivuli mtindo mmoja. Mimi mwenyewe nilimwambia weka pazia, akasema pazia la nini, mimi nasafiri."

"Una hakika?"

"Afande, nimekaa kwenye kiti hicho miaka kumi na moja nikisikiliza mambo ya watu. Nitakosa hakika?"

Gazeti alipoondoka, Inspekta alipiga magoti akaanza kupekua kikapu cha nyuzi. Nyuzi za bluu, nyuzi za kijani, sweta la mtoto mchanga lililobakia mkono mmoja. Chini kabisa, limefungwa kwa uzi wa manjano, daftari la shule.

Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtu anayebonyeza kalamu kama anapanda mbegu.

*Kitufe cha juu: kuamsha. Usiweke kidole kwenye jicho. Mwalimu anasema kata ukuta, usikate kichwa. Kitufe cha mistari mitatu: ndani kuna mambo mengi, usiguse ila saa.*

"Koplo, njoo. Shika hapa."

Inspekta alifuata maneno ya marehemu neno kwa neno. Kitufe cha juu, kamera ikaamka, ikalia kidogo. Kitufe cha mistari mitatu. Kialama cha saa. Kioo kilionyesha tarehe ya leo, Ijumaa, na chini yake namba nne.

05:20.

"Saa yako inasema saa ngapi, Koplo?"

Koplo aliinua mkono. "Saa tano na dakika ishirini."

"Rudia."

"Saa tano na dakika ishirini, Afande. Kwani vipi?"

Inspekta alimgeuzia kamera. Koplo alisoma. Akatazama saa yake ya mkononi, ambayo ilisema 11:20 kama saa zote za dunia. Akatazama kamera tena.

"Hii... hii imeandika kama ninavyosema mimi."

Inspekta aligeuza ukurasa. Jumanne, mstari wa kwanza: *Mwalimu ameondoka. Kazi ya nyumbani: kuweka tarehe na saa. Nimefungua redio. Redio imesema saa kumi kamili jioni, nami nimeweka kumi kamili. Nimeweza mwenyewe!*

Inspekta aliitazama redio ndogo juu ya rafu.

"Hakuwa na saa nyumbani," Inspekta alisema taratibu. "Alikuwa na redio. Redio ikasema kumi, akaweka kumi. Mashine ikaelewa saa nne asubuhi, na sisi tukaisoma kama mashine. Koplo, 10:07 si saa nne na dakika saba. Ni saa kumi na dakika saba. Jioni. Flashi ameshaondoka. Tumemfunga mzee wa watu kwa kusema kweli."

Koplo alikaa kwenye kiti bila kuombwa. "Na hizi picha sita zote..."

"Ni za saa ile aliyokufa."

Picha sita. Zilikuwa mezani tangu Jumatano, kila mtu amezishika, mtu mmoja hata ameweka kikombe juu ya mojawapo. Na hakuna aliyezitazama, kwa sababu zilikuwa za asubuhi, na asubuhi bibi alikuwa hai.

Alizitandaza juu ya mashine ya kufumia, daftari pembeni. Bibi alikuwa ameandika orodha.

*38. Birika. 39. Mashine yangu. 40. Dirisha.*

Halafu, kwa herufi kubwa, kalamu imebonyezwa mpaka karatasi imekaribia kutoboka:

*41. MAMA YAKE.*

Baada ya hapo hakukuwa na neno.

"Mama yake nani?" Koplo aliuliza. "Si ni yeye mwenyewe mama wa binti? Kajipiga?"

"Arobaini na moja ni hii." Inspekta aliiweka mbele yake. Mwenyekiti chini ya fremu. "Atazame. Usitazame kitu kingine. Tazama midomo."

Koplo alitazama tabasamu la Mwenyekiti, mtu ambaye hadharani hakutabasamu. Mwanya wa meno ya mbele. Akainua macho kwenye fremu ukutani. Mwanya wa meno ya mbele. Akarudi chini, akapanda juu.

"Mungu wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake yote ya kazi alisahau kuuliza kama kuna chai.

Arobaini na mbili, 10:44: Mwenyekiti amesimama, kiganja mbele, mdomo wazi. Walikuwa wameiita "rafiki akitania". Arobaini na tatu, 10:52: ukuta umelala upande, ukingo wa ngazi ya saruji, na ngumi iliyoshika mkanda wa kamera. Kwenye jalada Inspekta mwenyewe alikuwa ameandika "imeharibika, ya kujifunzia". Kwenye kifundo cha ngumi ile kulikuwa na utepe mwekundu na shada la funguo.

Alipiga simu kituoni.

"Mkuu, Flashi asiende popote."

"Kijiko! Nilikuambia..."

"Najua ulichoniambia. Asipelekwe mahakamani. Mtoe mahabusu, mkalishe ofisini kwako, mpe kiti chenye mgongo. Nikirudi nitakueleza, na utahitaji kukaa na wewe."

*

Alimwomba Mwenyekiti wasimame kidogo kwenye ngazi za nyuma, mbali na masikio. Koplo alibaki mlangoni. Saruji ilikuwa imeshaoshwa.

"Mama, nisaidie jambo dogo. Jumanne ulipoleta maziwa, uliyaweka wapi?"

"Jikoni. Nilishasema."

"Ukaja kukaa hapa, ukapigwa picha. Jua lilikuwa kali?"

"La kawaida, mwanangu. Jua la asubuhi."

"Kiti kile hakipati jua la asubuhi."

Funguo zilitikisika mara moja, zikanyamaza.

"Jumatano," Inspekta aliendelea, "nilikuonyesha picha hii. Ukaangusha kikombe. Nikadhani ni uchungu wa somo yako. Nikakuambia, naona ulikuja saa nne na dakika arobaini asubuhi. Wewe ulikuwa hujasema kitu. Saa ile ya asubuhi nilikupa mimi, kwa mkono wangu, na wewe ukaipokea."

Mwenyekiti alitazama chini, kule ngazi zinakoishia. Alipozungumza, sauti haikuwa ya mtu wa amri.

"Niliifungua. Kile kifuniko cha chini. Nikatafuta mkanda wa filamu niuchomoe. Hapakuwa na mkanda. Nikasema, Alhamdulillahi, somo yangu alikuwa akipiga picha hewa wiki nzima. Nikairudisha mezani." Aliguna, kicheko kilichokufa njiani. "Siku ya pili unanionyesha uso wangu kwenye karatasi. Nilidhani nimeona mzimu."

"Yule ni mwanao."

"Nilimzaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Somo hakujaliwa. Tukaenda kukaa mji wa mbali, miezi mitano, watu wakadhani tunajifunza ushonaji. Tukarudi, yeye na mtoto, mimi na begi. Miaka thelathini na minane hakuna aliyenusa. Hata yule mumewe alikwenda kaburini anajua ni wake."

"Na Jumanne?"

"Aliniita nikapigwe picha ya kumbukumbu. Kaa pale, inua kidevu, cheka kidogo. Nikacheka. Halafu ananiambia, hii nampelekea mwanao. Nimezeeka, nikifa huko atabaki hajui. Nitamwonyesha sura mbili pamoja, ataelewa mwenyewe." Alizishika funguo kwa mkono wa pili zisilie. "Afande, mimi ni Mwenyekiti. Unajua nimewafukuza mabinti wangapi chamani kwa kosa hilohilo? Nimewasimamisha mbele ya mama zao. Nilitaka kamera tu. Nilimwambia nipe, akakataa, akatoka huku kwenye ngazi, nikashika mkanda. Mkanda ulikuwa shingoni mwake. Alikuwa akinibonyezea taa machoni mpaka mwisho."

"Ukashuka kumtazama?"

"Nilishuka. Alikuwa ameshakwenda. Nikakaa naye mpaka saa kumi na mbili, ndipo nikapiga kelele."

Inspekta alikuwa amesikia mengi katika kazi hii. Aliitazama saruji iliyooshwa.

"Na Flashi, mama? Umejua siku tatu kwamba hana hatia. Umempelekea na chakula."

"Flashi hana mtu," alisema Mwenyekiti, kwa upole kabisa, kama anayegawa kazi za msiba. "Hana mke, hana mtoto. Hakuna ambaye angeaibika."

Koplo mlangoni aligeuza uso ukutani.

Chini, upande wa barabara, gari lilisimama. Mlango ukafunguliwa, na nyumba nzima ikapasuka kwa kilio kwa wakati mmoja. Gazeti alikuwa akiita juu ya sauti zote, "Binti amefika! Amefika!"

"Nipe dakika tano," Mwenyekiti alisema. "Nitaenda na nyinyi kwa miguu yangu. Usinifunge mbele yake."

Inspekta alifikiria pingu zilizokuwa mkobani. Alifikiria benchi la mahabusu. "Dakika tano. Na mimi nitakuwa pembeni yako."

Hawakuhitaji kushuka. Binti alikuwa ameshapanda, na begi bado begani, akasukuma mlango wa chumba cha kufumia kama mtu anayetafuta mtu aliyejificha. Aliiona mashine. Aliliona sweta la mtoto lenye mkono mmoja. Akaporomoka, na Mwenyekiti akamwahi kabla hajafika sakafuni.

"Mama Mdogo," binti alilia begani mwake. "Umebaki wewe tu. Umebaki wewe tu."

Mwenyekiti alimshika kwa mikono yote miwili, macho yamefumbwa, kwa namna ambayo Inspekta alilazimika kutazama pembeni.

Alipotazama pembeni ndipo alipochelewa. Binti alikuwa ameinua uso, ameona mfuko wa plastiki mkononi mwake.

"Hiyo ndiyo kamera yake?"

"Ni kielelezo, mdogo wangu. Kwa sasa..."

"Alinipigia Jumanne mchana. Akasema, jioni nitapiga picha moja nzuri, ukiiona utanisamehe. Nikamwuliza nikusamehe nini, akacheka." Alikuwa ameshauchukua mfuko. Kamera aliinunua yeye, vitufe vyake alivijua, na vidole vyake vilibonyeza juu ya plastiki bila kutafuta. "Niione tu, Afande. Niione mara moja tu."

Kioo kilionyesha picha ya mwisho kwanza, kama kamera zote zifanyavyo, Koplo amefumba macho kwenye usukani, na binti akaipita. Binti alikunja uso. Ukuta umelala, ngazi, ngumi. Akabonyeza nyuma. Kiganja, mdomo wazi. Akabonyeza nyuma tena.

Arobaini na moja.

Alianza kucheka katikati ya machozi. "Mama Mdogo, hebu ona! Hajakukata kichwa. Amekupiga vizuri, na mimi nipo juu yako, ona tunavyo..."

Hakumaliza. Kidole chake kilikuwa kimegusa kioo, kwenye tabasamu la chini, kikapanda taratibu mpaka kwenye tabasamu la juu, kikashuka. Alifunga mdomo wake, akaupitisha ulimi kwenye meno yake ya mbele.

Chini, wanawake walikuwa bado wanalia.

Halafu, polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokipita njiani, binti alirudi mbele. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Akaisogeza kamera karibu na uso, akaitazama ile ngumi, mkanda, utepe mwekundu.

Mkono wa Mwenyekiti ulikuwa bado umekaa begani mwake. Ulianza kutetemeka, na karibu kabisa na sikio la binti, funguo zikalia.